Maradhi Yasiyoondoka na Dawa Isiyoachwa

Shukrani zote ni za Mwenyezi Mungu, aliyeuumba mwili wa mwanadamu kwa kipimo na akaufanya amana mikononi mwa mwenyewe. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad, na jamaa zake, na masahaba zake wote. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu Waislamu, maneno haya tuliyasema kwanza Kipungani, baada ya sala ya Alasiri, na waliohudhuria wakatutaka tuyaandike ili yawafikie na wale waliokuwa baharini au mashambani. Kipungani, kama mjuavyo, ni kijiji kilicho ncha ya kusini-magharibi ya kisiwa cha Lamu, mbali na mji. Watu wake ni wavuvi na wenye minazi na miembe, na mama zetu wa huko ni wasukaji wa mikeka. Mtu akiugua, safari yake ya kwenda hospitali kubwa mjini hungoja maji na upepo, na wakati wa kusi bahari haina mzaha. Lakini haya tuyasemayo si ya Kipungani peke yake. Ni ya Matondoni, na Shela, na Siyu, na Faza, na ya kila mji wa pwani yetu.

Maradhi, ndugu zetu, ni namna mbili. Kuna yale yanayoingia na kutoka, kama homa ya malaria. Mtu hupewa dawa ya siku chache, akaimaliza, akapona, akarudi kazini. Na kuna yale ambayo yakiingia hukaa: ugonjwa wa sukari, presha, pumu, kifafa. Haya dawa yake haina siku ya kumalizika illa kwa shauri la tabibu. Na kosa lililoenea kwetu ni kuyatendea haya ya namna ya pili kama tuyatendeavyo yale ya namna ya kwanza.

Tumemjua mtu mmoja, mvuvi hodari, aliyepimwa akaambiwa presha yake imepanda. Akapewa vidonge, akavitumia mwezi mmoja na nusu. Kichwa kilichokuwa kikimuuma kikatulia, akasema, "Alhamdulillahi, nimepona," na vidonge vilivyosalia akaviacha koponi. Haukupita mwaka ila aliamka alfajiri moja upande mmoja wa mwili hauna nguvu na ulimi ni mzito. Yule aliyekuwa akivuta jarife peke yake, leo huvalishwa kanzu na mwanawe. Nasi hatumlaumu sana, kwani tulipouliza tulijua ya kuwa hakuna aliyekaa naye akamweleza jambo moja tu: kile kidonge hakikuwa kimeiondoa presha, kilikuwa kimeishika. Kidonge kile ni kama nanga. Chombo kikitulia, nahodha hasemi, "Bahari imekwisha mawimbi, na tuing'oe nanga tuitupe." Hujua ya kuwa kimetulia kwa sababu nanga imeshika.

Na presha ina hila nyingine: mara nyingi haiumi kabisa. Mtu hula, hulala, hufanya kazi, hali mishipa yake inaumia ndani kwa ndani, na moyo, na figo, na macho. Kipimo cha 140 juu ya 90, kikirudiarudia, ni onyo hata kama mwenyewe yuko mzima kama kigongo. Hesabu iliyofanywa Kenya mwaka 2015 ilionyesha ya kuwa karibu robo ya watu wazima wana presha ya juu. Maana yake, katika safu moja ya watu kumi na wawili msikitini, watatu huenda wakawa nayo, na pengine hakuna hata mmoja ajuaye.

Basi neno letu leo ni hili: dawa ya maradhi ya kudumu ni katika amali za kudumu. Bibi Aisha (r.a.) amepokea, na hadithi hiyo imo katika Bukhari na Muslim, ya kuwa Mtume (s.a.w.) ameeleza kuwa amali ipendezayo zaidi mbele ya Mwenyezi Mungu ni ile idumuyo, hata ikiwa kidogo. Twaifahamu sana maana hii katika sala na uradi. Kwa nini hatuifahamu katika kuulinda mwili ambao ndio chombo cha sala hiyo? Mama zetu wa Kipungani wanaijua. Hakuna asukaye mkeka kwa siku moja. Ukili husukwa kidogo kidogo, leo pima hii na kesho pima ile, kisha hushonwa. Atakayesuka kwa bidii siku tatu akaacha miezi mitatu hana mkeka. Na kidonge kimoja kila siku ni ukili wa afya.

Wala tusidhani ni sisi peke yetu wenye udhaifu huu. Shirika la Afya Duniani liliandika mwaka 2003 ya kuwa hata katika nchi tajiri, zenye kila aina ya hospitali, wagonjwa wa maradhi ya kudumu wanaofuata dawa zao sawasawa ni kama nusu tu. Hii ni tabia ya binadamu, na dawa ya tabia ni mafunzo na msaada. Matusi hayaitibu.

Tumezisikia hoja za wale wanaoacha dawa, nasi twataka kuzijibu moja moja.

Hoja ya kwanza ni ya yule asemaye, "Haya ni kudura ya Mungu, aliyeandikiwa atakufa tu." Kweli, kila kitu ni kwa kudura. Lakini na dawa nayo ni kwa kudura. Sayyidna Umar (r.a.) alipokuwa akielekea Sham akapata habari kuwa kuna tauni, alishauriana na watu akarejea. Abu Ubaida akamuuliza kama anaikimbia kudura ya Mungu, naye akamjibu kuwa wanatoka katika kudura ya Mungu wakiiendea kudura ya Mungu. Na Mabedui walipomuuliza Mtume (s.a.w.) kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuteremsha ugonjwa ila ameuwekea dawa. Na Nabii Ayub (a.s.), ambaye ni kigezo chetu katika subira, alipoomba na dua yake ikakubaliwa, aliamrishwa aipige ardhi kwa mguu wake, yakatoka maji ya kuoga na kunywa. Mwenyezi Mungu aliweza kumponya bila ya mguu na bila ya maji. Lakini alitaka kutufundisha ya kuwa mgonjwa naye ana la kutenda, ijapokuwa ni kunyanyua mguu tu.

Hoja ya pili ni ya yule asemaye, "Huu si ugonjwa wa hospitali, ni pepo, au ni husda." Na hili husemwa zaidi juu ya kifafa. Sisi hatukanushi kuwako kwa majini, wala hatumkatazi mtu kumsomea mgonjwa wake Qur'ani na kumwombea Mola wake. Hayo ni mema. Tunalokataza ni kumtoa mtoto wa kifafa katika vidonge vyake akapelekwa kwa mganga wa ngoma na ubani, akaambiwa asichanganye "dawa mbili". Kifafa ni hitilafu katika kazi ya ubongo, na wengi wa wenye nacho, wakitumia dawa kila siku bila ya kukatiza, hukaa wasianguke. Lakini dawa hiyo ikikatwa kwa ghafula, mtoto huweza kuanguka mfululizo hata akafa. Na huku kwetu aangukaye huenda akawa ndani ya mtumbwi, au kando ya kisima, au mbele ya moto wa jikoni.

Abu Daud amepokea kutoka kwa Jabir (r.a.) habari ya mtu aliyejeruhiwa kichwani safarini, kisha akapatwa na janaba. Akawauliza wenziwe kama ana ruhusa ya kutayamamu, wakamwambia hana. Akaoga, akafa. Mtume (s.a.w.) alipopata habari alikasirika sana, akawahesabu kuwa wamemuua, akasema kuwa walipokuwa hawajui ingewapasa waulize. Na waizingatie hadithi hii wale wanaotoa fatwa barazani juu ya vidonge vya watu: "Acha hivyo, vitakuharibu figo, mimi jirani yangu aliacha akapona." Anayesema hivyo bila ya elimu na ajue ni mzigo gani anaoubeba.

Hoja ya tatu ni ya yule asemaye, "Nikianza dawa hizi sitaweza kuziacha, na sindano ya insulini ndiyo mwisho wa mtu." Ndugu yetu, hata chakula ulipoanza hukukiacha. Insulini si sumu wala si kileo. Ni kitu ambacho mwili wenyewe hukitengeneza, na wa yule mgonjwa hautengenezi cha kutosha. Kabla ya mwaka 1922 mtoto aliyepatwa na sukari ya kukosa insulini alikuwa akifa tu, mbele ya macho ya wazazi wake. Mwaka huo, katika mji wa Toronto, kijana wa miaka 14 alidungwa sindano hiyo, wa kwanza katika watu, na tangu siku hizo mamilioni wameishi, wakaoa, wakazaa, wakazeeka. Hii ni neema, na neema hushukuriwa kwa kutumiwa.

Hoja zimekwisha, sasa tuseme juu ya wajibu, nao umegawanyika kwa watu wanne.

Wa kwanza ni mgonjwa mwenyewe. Tabibu humwona labda nusu saa kwa mwezi; saa zote zilizosalia mgonjwa ndiye tabibu wa nafsi yake. Na azitumie dawa zake kwa wakati mmoja kila siku, azifungamanishe na jambo asilolisahau. Mwenye kidonge cha asubuhi na akiweke mahali atakapokiona akitoka kusali Alfajiri. Na ale kwa kiasi, Qur'ani imeturuhusu kula na kunywa ikatukataza kupita kiasi, na Mtume (s.a.w.) ametufundisha ya kuwa theluthi ya tumbo yatosha kwa chakula. Hatusemi mtu aache wali wa nazi kabisa. Twasema sahani ya wali ipungue, na samaki na mboga ziongezeke; chai inywewe bila ya sukari au kwa sukari kidogo; kaimati na halua zisiwe chakula cha kila siku. Na mwenye presha na ajihadhari na chumvi, hasa ng'onda na papa mkavu.

Mwenye sukari ana jambo jingine la kuangalia, nalo ni miguu. Sukari ya muda mrefu huua hisia za nyayo. Mtu hukanyaga gamba la chaza au mwiba asihisi, kidonda kikaoza, na mwisho wake mguu ukakatwa. Basi asitembee pekupeku, si ufuoni wala ndani ya nyumba. Na tazameni hekima ya dini yetu: Mwislamu huosha miguu yake kwa udhu mara tano kwa siku. Basi kila akiosha na aitazame: nyayo, visigino, na baina ya vidole, kisha aikaushe vizuri. Asiyeweza kuinama amtake mkewe au mjukuu wake amtazamie. Akiona jeraha, hata dogo, aende akaonyeshe siku hiyo hiyo. Na mvuvi mwenye sukari anayetumia dawa asitoke baharini bila ya tende au sukari mfukoni. Akihisi jasho la ghafula, na mikono kutetemeka, na njaa kali, na macho kufanya kiwi, hiyo huenda ni sukari kushuka. Na ale tende papo hapo, au anywe vijiko vitatu vya sukari majini, asingoje kufika bandarini.

Wa pili ni watu wa nyumbani. Mgonjwa akipikiwa chungu chake peke yake huona ametengwa, na baada ya wiki hurudi katika chungu cha wote. Chakula kinachomfaa yeye chawafaa wote. Basi na kipikwe kimoja. Na nyumba isiyokuwa na jokofu yaweza kuhifadhi insulini ndani ya mtungi wa udongo uliowekwa kivulini na kuloweshwa maji kwa nje, kama tunavyopoza maji ya kunywa. Ifungwe vizuri isiingie maji, isiwekwe juani, wala isigande kwa barafu.

Wa tatu ni tabibu na muuguzi wa zahanati. Nao twawaambia kwa heshima na mapenzi, kwani kazi yao ni ibada. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 ulikubaliana ya kuwa matibabu ya msingi yawe karibu na mahali watu wanapoishi na kufanyia kazi. Na hilo si geni katika Uislamu. Abu Bakr al-Razi, tabibu mkubwa aliyekufa katika karne ya 10, alitunga kitabu maalumu kwa ajili ya mtu asiyekuwa na tabibu, ili masikini ajue la kufanya kwa vitu alivyo navyo nyumbani. Alijua ya kuwa elimu ya tiba haikamiliki mpaka imfikie mgonjwa akaifahamu.

Basi ndugu yetu tabibu, usimpe mgonjwa kopo la vidonge ukamwita anayefuata. Fanya kama afanyavyo mwalimu wa chuo cha Qur'ani. Mwalimu hamsomei mtoto aya akamwacha aende, humwambia, "Haya, nisomee wewe." Akikosea humrekebisha, akipata humwongeza. Nawe mwambie mgonjwa, "Nieleze, utakunywa vipi dawa hizi ukifika nyumbani?" Hapo utajua kama amefahamu. Na umuulize tena, "Katika haya niliyokwambia, lipi utaliweza kuanzia kesho?" Akisema atapunguza sukari ya chai, mkubalie hilo moja, uliandike, na mwezi ujao umuulize hilo. Ukimwamrisha mambo kumi kwa siku moja, ataondoka na kichwa kizito asifanye hata moja. Na akikwambia ameacha dawa, usimkemee, muulize sababu. Huenda vidonge vilimtia kizunguzungu, au nauli ya mashua ilimshinda. Mgonjwa akikemewa kwa kusema kweli, mara ya pili atasema uongo, na tiba haijengeki juu ya uongo. Na miezi ya kusi ikikaribia, mwenye dawa ya kutosha ghalani na ampe mgonjwa wa mbali akiba itakayomvusha.

Wa nne ni sisi sote, jamaa ya msikiti. Tarehe 25 Septemba 2023 serikali ya Kenya ilizindua kazi ya wahudumu wa afya ya jamii wapatao 100,000, wanaopita nyumba kwa nyumba na vipimo vya presha na sukari. Akija mlangoni kwako mfungulie, upimwe wewe na wazee wako. Na sheria za mwaka 2023 zimeweka mfuko wa kulipia matibabu ya zahanati na vituo vya afya. Basi aliyesoma na amsaidie asiyesoma kujiandikisha. Na kumzuru mgonjwa ni haki ya Mwislamu juu ya Mwislamu. Lakini tunamzuru mwenye homa siku tatu, na mwenye sukari wa miaka kumi tumemsahau. Huyo ndiye mhitaji zaidi. Na panapokuwa na nauli ya mashua iliyopungua, ichangwe. Fedha ambazo watu huzimaliza kwa mganga katika usiku mmoja wa kupunga, zingewapeleka wagonjwa wengi mjini na kuwarudisha.

Limebaki suala ambalo watu wengi wa Kipungani walituuliza, nalo ni funga ya Ramadhani. Mwenyezi Mungu amemruhusu mgonjwa kufungua, na ruhusa yake ni zawadi. Haifai mtu kuirudisha kwa kiburi. Mwenye sukari na amwendee tabibu wiki sita au nane kabla ya Ramadhani, yaani katika mwezi wa Rajabu, aulize kama yeye ni katika wanaoweza kufunga, na dawa zake zibadilishwe nyakati namna gani. Wapo wanaoweza bila ya dhara, na wapo ambao kufunga kwao ni kujitia katika maangamizo, na hilo Qur'ani imelikataza. Kujitoboa kidole kupima sukari hakufunguzi, kwa kauli ya wanavyuoni wengi. Na sindano isiyokuwa ya chakula haifunguzi pia. Hivyo ndivyo lilivyoamua Baraza la Fikihi la Kiislamu katika mkutano wake wa Jeddah, mwaka 1997. Na aliyefunga, kipimo kikionyesha sukari imeshuka chini ya 3.9, au imepanda juu ya 16.6, na afungue saa hiyo hiyo, hata kama Magharibi imebaki dakika chache. Mwenye ugonjwa usiotarajiwa kuondoka na usiomruhusu kufunga, katika madhehebu yetu ya Shafi hutoa kibaba cha chakula kwa kila siku, na deni lake limekwisha. Asilie kwa huzuni akidhani amekosa Ramadhani. Aliyefuata ruhusa ya Mola wake amemtii Mola wake.

Ndugu zetu, maradhi haya hayaondoki, lakini mtu huweza kuishi nayo miaka mingi, akawaona wajukuu wake, akasimama katika safu, akavuta wavu wake kwa mikono yake miwili. Aliye na kopo la vidonge alilolisahau rafuni, leo akirejea nyumbani na alitoe, kisha kesho aende zahanati akaulize aanzeje tena. Na aliye na jirani wa namna hiyo na amshike mkono waende pamoja.

Twamuomba Mwenyezi Mungu awaponye wagonjwa wetu, awape subira wenye maradhi marefu, awalipe kheri wanaowauguza, na atujaalie kuitunza amana ya miili yetu mpaka siku atakapoirudisha kwake. Amin.